Juu ya Mita Elfu Moja

Jumapili, 3 Septemba 2023. Schlanders.

Notburga amefika kwa treni ya saa tisa na robo alasiri. Ana baiskeli yake, mifuko miwili ya nyuma, na kofia ngumu ya rangi ya chungwa inayoonekana hata kutoka ng'ambo ya mto. Alinitazama pale stesheni, akasema: "Mmekonda, Mwalimu."

Mmekonda! Nilikuwa nimesimama peke yangu.

Naiandika kanuni, maana kanuni ikishaandikwa hutulia. Katika lugha yetu ya huku mtu wa heshima husemeshwa kwa wingi. Mwanafunzi humwambia mwalimu "mnasema". Mwenye duka humwambia mteja "mnataka nini", ingawa aliye mbele yake ni mmoja na hana hata kivuli cha pili. Watu wa nyumba moja husemeshana kwa umoja. Baba na binti: umoja. Hakuna kitabu cha sarufi kinachosema vinginevyo, na sarufi niliifundisha kwa miaka thelathini na tisa.

Binti yangu hajanisemesha kwa umoja tangu mwaka 1988. Sababu naijua. Leo siiandiki.

Tarehe 18 anahamia Norwe kwa miaka minne. Ni mhandisi wa maji. Huko kuna mabwawa yanayomhitaji. Mimi nina miaka sabini na saba. Hesabu hiyo hata mwalimu wa lugha anaiweza.

Safari ameipendekeza yeye. Tupande kwa basi hadi Reschen, mto wetu unakoanzia, kisha tuteremke nao kwa baiskeli hadi Meran. Siku nne au tano, bila haraka. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kwa kawaida simkatizi mtu.

Ninachokitaka katika safari hii naweza kukiandika kwa herufi moja: u. Umekula. Umechoka. Unaonaje. Herufi moja mwanzoni mwa kitenzi, basi. Niisikie kabla hajaondoka.

Jioni supu ya shayiri na mkate. Mikate yetu myeusi ya bondeni huokwa miwilimiwili, imeshikana ubavu kwa ubavu. Tangu mke wangu Kreszenz afariki nanunua mmoja. Mwokaji huumega bila kuuliza. Leo nilinunua jozi. Notburga aliiona. Akaimega, akanipa ule mkubwa.

"Karibuni, Mwalimu."

Jumatatu, 4 Septemba. Graun.

Basi, mabonde, magoti yanayouma. Baiskeli zetu zilifungwa kwenye tela nyuma, na kila kona niligeuka kuangalia kama yangu bado ipo. Ni ya chuma, ya mwaka 1979. Nimeendea nayo shule maisha yangu yote, suruali nimeibana kwa pini.

Kando ya ziwa la Reschen tukamkuta Serafin Thöni. Darasa la 1994, makosa kumi na tisa katika insha moja. Sasa anakodisha baiskeli na ubao wake wa matangazo una makosa mawili tu. Amepiga hatua.

Aliitazama baiskeli yangu, akayatazama magoti yangu.

"Mwalimu, hii ni baiskeli au urithi?"

"Inakwenda," nikasema.

"Inakwenda makumbusho. Iache hapa kwangu. Chukua hii ya umeme. Usiogope, haiumi."

Chukua! Usiogope! Umoja, tena mbele za watu. Nilimwuliza kama adabu ameisahau nyumbani.

"Nimeiacha chini, Mwalimu. Hapa tuko mita elfu moja na mia tano. Juu ya elfu moja hakuna ninyi. Hapa askofu ni wewe, mchunga ng'ombe ni wewe, na mwalimu aliyenifelisha ni wewe."

Desturi hii naijua. Kila mtu wa milima hii anaijua: ukivuka mita elfu moja, wingi wa heshima unabaki bondeni na watu wote wanasemeshana kwa umoja. Nilikuwa nimeisahau tu. Naishi chini ya mstari, na miaka mingi sijapanda na mtu.

Notburga alicheka. Alikuwa akifunga kwenye usukani wake kisaa kidogo kinachoonyesha mwinuko. Serafin akamwonya: hicho kinapima uzito wa hewa tu. Mvua ikikaribia, hewa inakuwa nyepesi, nacho kinadhani umepanda. Kila asubuhi utafute ubao wa kijiji wenye mwinuko wa kweli, ukirekebishe.

"Najua," alisema Notburga. "Ndiyo kazi yangu."

Nilichukua ya umeme. Udanganyifu mtupu: unakanyaga kama mzee, unakwenda kama mwizi.

Tulizunguka ziwa lote. Mnara wa kanisa lililozama bwawa lilipojengwa ulikuwa mahali pake, majini hadi kifuani, na watalii wakipiga picha wameligeuzia ziwa mgongo. Upepo ulikuwa usoni. Notburga alikuwa mbele yangu. Kisha akapunguza mwendo, akawa ubavuni.

"Umechoka, baba?"

Nilishika breki zote mbili. Mjerumani mmoja wa nyuma alinikwepa na kusema maneno ambayo hayamo katika kamusi ya shule.

"Nini?" nikauliza.

"Nimeuliza kama umechoka." Aliinua mabega. "Sheria ya mlima. Serafin si amesema?"

Nikasema sijachoka. Kwa kusimama ghafla nikaulaumu upepo.

Jumla ya leo: umechoka, una kiu, vaa koti, unasikia kengele. Nne. Nimezihesabu.

Jumanne, 5 Septemba. Langtaufers.

Niliamka mapema, nikaifungua ramani. Burgeis, mita 1,216. Schleis, 1,064. Laatsch, 970. Kwa hiyo mstari uko kati ya Schleis na Laatsch. Kwa mwendo wa jana tungeuvuka leo kabla ya chakula cha mchana, halafu nirudi kuwa wengi.

Kwenye kifungua kinywa nilisema kwamba mto haujulikani bila vijito vyake. Ubavuni mwa Graun kuna bonde la Langtaufers, na kijito chake kinaingia ziwani. Ingekuwa vema kukifuata hadi juu.

"Jana si ulisema magoti yanauma?"

"Yamepona."

"Usiku mmoja?"

"Hewa ya huku."

Tukapanda. Nyasi za mavuno ya pili zimekatwa, bonde lote linanukia. Mitambo ya kumwagilia inazunguka mashambani na kurusha maji hadi njiani; lazima uhesabu, usubiri, kisha ukimbie. Notburga alihesabu vizuri. Mimi nilihesabu kwa usahihi lakini nikachelewa kukanyaga. Nililowa kutoka kola hadi soksi, na binti yangu alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. "Baba, unafanana na paka!" Katika nyumba yetu kicheko hicho kilikoma lini? Sikumbuki. Kreszenz angekumbuka.

Mwisho wa bonde tulikula madonge ya mkate kwenye mchuzi. Kwenye menyu jina lake lilikuwa na herufi moja zaidi. Nilitoa kalamu nyekundu, maana natembea nayo. Mama mwenye mgahawa akaja na mikono kiunoni.

"Mzee, unaagiza au unasahihisha?"

"Vyote viwili."

"Basi nisahihishie na bili yangu, mume wangu anaiandika kama mguu wa kuku."

"Baba, acha menyu ya watu," alisema Notburga.

Palikuwa na kosa la pili, kwenye upande wa supu. Nililiacha. Naliandika hapa ili nisidhani baadaye kwamba sikuliona.

Leo sikuhesabu. Zilikuwa nyingi.

Jumatano, 6 Septemba. Schlinig.

Leo tumeteremka, hapakuwa na namna. Kutoka ziwa la pili, lile dogo la chini, njia inaanguka moja kwa moja hadi Burgeis, na upepo uko mgongoni, unasukuma kama mtu mwenye haraka. Breki zilinuka. Notburga alikuwa nyuma yangu akipiga kelele kama mwalimu wa jeshi:

"Usishike moja! Zote mbili! Achia! Shika! Achia, baba, utaziunguza!"

Amri kumi kwa dakika moja, zote kwa umoja. Maishani sijawahi kufurahia kuamrishwa kama leo.

Burgeis tulisimama kwenye bomba la kijiji tunywe maji. Alikwenda kwenye ubao, akasoma mwinuko, akabonyeza kile kisaa mpaka kikakubali. Hivyo hivyo alifanya jana, na juzi. Mkono wake ni wa mama yake: hauachi kitu kabla hakijawa sawa.

Alisema twende tukale Glurns, nusu saa tu, mteremko mtupu.

Nikasema Schlinig.

"Schlinig iko juu."

"Ndiyo."

"Mita mia tano juu."

"Betri imejaa."

"Baba, mto unakwenda chini. Sisi mbona kila siku tunapanda?"

Nilimweleza kuhusu monasteri iliyo njiani, jinsi kuta zake nyeupe zinavyopendeza zikitazamwa kutoka juu. Nilisema uongo kwa sarufi safi kabisa. Yeye hakubishana. Alikaza mikanda ya mifuko, akapanda. Lakini katika kila kona aliitazama barabara, kisha kisaa, kisha mimi, na nikajua kwamba mhandisi ameanza kupiga hesabu.

Alhamisi, 7 Septemba. Schlinig.

Hatukuendesha leo. Jibu la hesabu yake amelipata.

Ilikuwa asubuhi, nje ya nyumba tuliyolala. Baiskeli alikuwa ameipindua, magurudumu juu, anasafisha mnyororo kwa kitambaa. Bila kuinua kichwa akasema:

"Nimechora njia yetu kwenye ramani. Siku tatu. Haijagusa elfu moja hata mara moja."

Nililishika gurudumu la mbele lisizunguke.

"Unaukimbia mstari."

"Naukimbia," nikasema. Swali la wazi hujibiwa wazi.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Nilikuwa nangoja uache."

"Niache nini?"

"Wingi."

Aliuacha mnyororo. Mikono ilikuwa myeusi, akawa hajui aiweke wapi.

"Sikuuanza mimi, baba."

Kisha akanisimulia, kana kwamba sikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa kwanza katika darasa langu. Alisahau kalamu. Akainua mkono, akasema: "Baba, una kalamu?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia asimame na aseme kwa usahihi. Mwalimu, mna kalamu? Mara tatu, mbele ya wote. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekwisha, nikamwambia arudie asikike hadi nyuma.

"Nisingeweza kukupendelea," nilisema.

"Najua. Ulikuwa sahihi."

Sijawahi kusikia neno hilo likisemwa hivyo.

"Jioni mezani nikakuuliza: Mwalimu, mnataka chumvi? Nilidhani utasema, we Burgl, hapa ni nyumbani. Nilikuwa nangoja hilo tu. Ukasema asante, ukaipokea chumvi."

Niliipokea. Hata kile kichupa nakikumbuka. Nilidhani ni mzaha. Kreszenz alicheka, nami nikaona ni mzaha mzuri wenye sarufi nzuri. Siku ya pili Kreszenz alicheka kidogo. Baada ya wiki hakucheka mtu. Nilijiambia atachoka. Nikangoja achoke.

Nilimwambia hivyo.

"Na mimi nilingoja unipe ruhusa," alisema. "Mdogo haombi umoja. Mkubwa ndiye anayeutoa. Uliifundisha mwenyewe, mwaka ule ule, na swali likaja kwenye mtihani. Nilipata alama zote."

Ni kweli. Mdogo akiomba, ni utovu wa adabu. Mkubwa anamwita, wanagonganisha glasi, anasema: kuanzia leo tuwe wewe na wewe. Mtu wetu wa posta nilimpa mwaka 1991. Padri alinipa yeye, kwa divai nyekundu. Hata jirani ambaye siku hizi hatusalimiani nilimpa, na hadi leo tunanuniana kwa umoja. Binti yangu sikumpa.

"Sikuona haja," nikasema. "Mtu hampi binti yake kilicho chake tayari."

"Ulikuwa umekichukua."

Akarudi kwenye mnyororo. Aliufuta pingili moja moja. Nikaanza kusema, nikafika kwenye jina lake tu, akainua kile kitambaa cheusi:

"Usiniambie hapa. Hapa umoja ni bure. Hapa hata Serafin ananipa."

Ni hoja nzuri. Sikupata pa kuitia nyekundu.

Kwa hiyo lazima tushuke, na lazima niseme nikiwa chini. Kesho. Jioni nimejaribu sentensi. Ya kwanza: "Notburga, naomba kuanzia sasa unisemeshe kwa umoja." Haina kosa. Ni baridi kama reli ya daraja. Ya pili ilikuwa na vishazi viwili tegemezi, nikaifuta. Ya tatu sijaipata.

Halafu kuna jina. Nyumbani alikuwa Burgl. Darasani nilimwita Notburga, kama ilivyoandikwa kwenye rejista, na rejista nikaibeba hadi nyumbani. Wingi nilimwachia yeye, jina nikalichukua mimi. Hilo hakulisema. Nimeligundua mwenyewe, saa hizi, kwa kuyasoma tena haya maandishi: Notburga, Notburga, kila ukurasa.

Ijumaa, 8 Septemba. Njiani, chini ya Schleis.

Naandika kwenye benchi, haraka. Mwandiko utanisamehe.

Tuliondoka saa tatu. Magoti yalikuwa yamekwishatabiri mvua tangu alfajiri. Mawingu yamekaa juu ya vilele kama kofia zilizolowa. Tuliteremka. Alikuwa mbele, breki zake zikilia kila kona, zangu zikijibu.

Schleis tulisimama kwenye ubao wa kijiji. Mita 1,064. Alisimama mbele yake kama kila asubuhi. Akausoma ubao. Akakisoma kisaa chake. Kidole kilikwenda hadi kwenye kitufe, kikakaa.

Hakubonyeza.

"Hukirekebishi?" nikamwuliza.

"Twende, baba. Mvua inakuja."

Nililiona hilo, nikaliweka akilini bila kulielewa, kama mtu anavyoweka ufunguo mfukoni.

Baada ya kijiji njia inafuata mto kwenye nyasi. Maji yalikuwa ya kijivu na yenye kelele. Mimi nilikuwa nikijiandaa. Nilijua mstari uko karibu, na kila baada ya muda nilimwuliza tuko ngapi, naye akisoma kwa sauti: elfu moja arobaini na tano. Elfu moja thelathini. Kati ya namba aliniambia niwashe taa. Akaniambia ninywe maji, maana sinywi mpaka niambiwe. Aliniuliza kama nakumbuka mama alivyoogopa madaraja ya mbao, alivyoyavuka akiimba. Nikasema nakumbuka. "Uliimba naye," akasema. "Sauti mbaya kabisa. Uliimba tu ili asiogope peke yake." Sikujua kwamba aliwahi kuliona hilo.

"Ngapi sasa?"

"Elfu moja kumi na mbili. Bado tuko juu."

Tukafika kwenye daraja. Matone ya kwanza. Akasema kuna banda la nyasi kavu pale chini, umbali wa mita mia moja hivi, anakwenda kuangalia kama mlango uko wazi, mimi nipumzike. "Kaa hapo, baba, usiteleze kwenye mbao." Akaenda. Kofia ya chungwa inashuka kati ya majani.

Nilikaa. Nikatoa daftari ili niitafute sentensi ya tatu kabla ya kuvuka mstari. Nikainua macho.

Kando ya benchi kuna ubao wa njia ya baiskeli. Mpya, safi, maandishi meupe. Jina la daraja. Umbali hadi Glurns. Mwinuko: mita 983.

Nimeusoma mara tatu. Nimeinuka nikagusa tarakimu.

Kisaa kimekosea mita ishirini na tisa. Hewa imekuwa nyepesi, mvua inakuja, kama Serafin alivyosema. Na asubuhi hakikurekebishwa. Mstari tuliuvuka zamani, kule nyuma kwenye kona yenye mierebi labda, na hakuna aliyepunguza mwendo. Kunywa maji, baba. Unakumbuka mama? Kaa hapo, usiteleze. Yote hayo chini ya elfu moja! Kwenye nchi ya wingi!

Nikafurahi. Halafu nikaona: ni kosa. Amekosea bila kujua, na nikisema ubao unasema nini, atarekebisha. Ana mkono wa mama yake.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Nimevua koti langu la mvua na kulitundika juu ya ubao. Mwalimu mstaafu, miaka sabini na saba, anaficha jibu kama mtundu wa darasa la tatu. Nimekaa tena, nimelowa mabega, na kalamu iko mkononi.

Sasa nalifikiria lile la asubuhi. Kidole juu ya kitufe. Yeye ni mhandisi wa maji. Anapima mabwawa kwa milimita; kupima ndiyo kazi yake, alimwambia Serafin hivyo mbele yangu. Siku tatu alibonyeza. Siku ya mvua, siku pekee iliyokuwa na maana, hakubonyeza.

Huyu hakukosea.

Amelikuta banda. Mlango uko wazi. Amesimama mlangoni, ananipungia. Anapiga kelele, mto unameza nusu:

"Baba! Hiki kisaa sikiamini! Ubao hapo unasemaje?"

Ananiuliza mimi. Mtu asiyeweza kuacha menyu ya watu.

Nikisema 983, mchezo umekwisha, na neno linalofuata ni langu, bure haipo tena. Nikisema elfu moja na kitu, atajua nimedanganya, atanyamaza, tutaendelea hivyo hivyo hadi Meran, kila mmoja ameficha ubao wake. Baada ya hapo Norwe.

Nimeliondoa koti. Ubao uko wazi, unalowa pamoja na mimi.

Bado sina sentensi ya tatu. Nina mwanzo wake tu, nao ni jina.

Anapanda kuja. Ameiacha baiskeli bandani, anakuja kwa miguu, amevua kofia, nywele zinamgandamia usoni. Amerudia swali, sasa kwa neno moja tu, bila ubao:

"Unasemaje?"

Kiima hakikutajwa. Ni ubao, au ni mimi? Herufi ni ile ile. Kwa miaka thelathini na tisa ningeweka alama nyekundu pembeni: nani? Fafanua! Leo naiacha ilivyo. Wino unaanza kukimbia kwenye karatasi, naye amefika mwisho wa daraja, amesimama, hatazami ubao. Nafunga daftari, nasimama.

Burgl,